Mazungumzo Juu ya Nyaya za Vihisi katika Lori la Zamani

Katika wilaya za Handeni na Korogwe, mkoani Tanga, malori yaliyoundwa miaka ya 1990 na mwanzoni mwa miaka ya 2000 bado yanabeba mahindi, machungwa na katani, na kwa kuwa injini za mengi kati ya hayo huongozwa na kompyuta, fundi wa leo hulazimika kuujua umeme kama anavyozijua pistoni. Mazungumzo haya ni kati ya mzee aliyebobea katika umeme wa magari na kijana anayejifunza kazi hiyo mjini Korogwe.

Kijana: Shikamoo, Mzee. Lori limeshuka kutoka Handeni na shehena ya mahindi, nalo kila likipanda mlima hupoteza nguvu na taa ya injini huwaka, lakini likizimwa na kuwashwa tena hukaa vizuri kwa muda. Mashine ya kusomea makosa inataja kihisi cha joto la maji. Je, mwenye gari aambiwe anunue kihisi kipya?

Mzee: Marahaba, kijana. Asiambiwe hivyo bado, kwa maana mashine haikusema kwamba kihisi kimekufa. Imesema tu kwamba taarifa inayopita katika njia hiyo haikubaliki, na njia hiyo ina kihisi upande mmoja, kompyuta, ambayo gereji huiita kontrol boksi, upande wa pili, na katikati yao nyaya, soketi na maungio. Kihisi hukaa ndani ya chuma kinene bila kusumbuliwa, ilhali waya hutikiswa, huchomwa na joto la ekzosi, hulowa na kutafunwa. Kumtoza mtu bei ya kifaa kizima kabla ya kupima waya ni kumdhulumu, hasa mtu ambaye lori hilo ndilo shamba lake.

Kijana: Kwa nini basi hitilafu huja mlimani tu?

Mzee: Injini ikivuta mzigo hujipinda kidogo juu ya mipira inayoishikilia, na fungu la nyaya linalovuka kutoka kwenye injini kwenda kwenye fremu huvutwa kila mara mahali palepale, mpaka nyuzi za shaba hukatika ndani huku ganda la plastiki likionekana zima. Barabara zikiwa tambarare nyuzi hizo hugusana, na mlima ukianza huachana. Kwa hiyo macho yaanzie hapo pa kuvukia, kisha yafuate sehemu zilizo karibu na tabo chaja, halafu soketi zilizoelekea chini ambako tope la masika hurukia, na mwisho pembe zenye giza, kwa kuwa lori linalolala na mahindi hukaribisha panya, na panya hawachagui kati ya gunia na waya.

Kijana: Na vipimo vyenyewe vifuate utaratibu gani?

Mzee: Kwanza ieleweke kihisi hiki kinavyofanya kazi. Ndani yake mna kipande ambacho ukinzani wake, yaani uwezo wa kuuzuia umeme, hupungua joto likipanda. Katika aina nyingi hufikia takriban omu 2,500 katika nyuzi joto 20 na hushuka hadi karibu omu 300 katika nyuzi joto 80. Ingawa betri za lori hutoa volti 24, kompyuta hupeleka volti 5 tu kupitia ukinzani wake wa ndani, kisha husoma kiasi kilichobaki kwenye waya. Waya ukikatika, volti hubaki 5 na kompyuta hudhani maji yana baridi isiyowezekana. Waya wa taarifa ukigusa chuma cha gari, yaani ukipiga shoti, volti huwa sifuri na kompyuta hudhani maji yanachemka. Katika hali zote mbili kompyuta nyingi hupunguza nguvu ili kuilinda injini, na hiyo ndiyo sababu ya lori kuchoka mlimani.

Sasa soketi ichomolewe kwenye kihisi, swichi iwashwe bila kuamsha injini, na mita iwekwe kati ya matundu mawili ya soketi. Volti 5 zikionekana, fungu la nyaya litikiswe taratibu kuanzia soketini hadi kwenye kontrol boksi huku jicho likiwa kwenye mita, maana namba ikiruka, mahali palipotikiswa ndipo penye ugonjwa. Volti zikikosekana, ncha nyeusi ya mita ihamishiwe kwenye hasi ya betri: zikitokea hapo, waya wa ethi, yaani wa hasi, wa kihisi ndio uliokatika, zisipotokea, shaka iwe kwenye waya wa taarifa, ama umekatika ama umepiga shoti.

Kijana: Mafundi wengi hupima kwa mlio wa mita, na ukilia husema waya ni mzima.

Mzee: Mlio hudanganya, kwa sababu uzi mmoja uliosalia kati ya ishirini hutosha kuufanya ulie. Waya ufunguliwe pande zote mbili, mbali kabisa na kompyuta, kisha upitishiwe umeme wa betri uwashe taa ndogo ya wati 5. Ikififia au kumwekamweka, waya huo haufai hata kama mita inalia. Taa hiyo isiguswe kamwe kwenye waya ambao bado umeunganishwa na kompyuta, wala ganda lisitobolewe kwa sindano, kwa kuwa tundu lile huingiza maji na shaba huota kutu ya kijani.

Kijana: Na vihisi vyenye nyaya tatu?

Mzee: Hivyo, kama cha mgandamizo wa hewa ya tabo, mara nyingi hugawana chanzo kimoja cha volti 5. Kimoja kikipiga shoti, vyote hunyamaza, na mashine hutaja makosa manne au matano kwa pamoja. Dawa ni kuchomoa kimoja baada ya kingine mpaka volti zirudi.

Kijana: Ugonjwa ukishapatikana, waya uungwe vipi?

Mzee: Ukatwe mpaka shaba ing'ae, kisha uungwe kwa kibano cha kubana na ufunikwe kwa mpira unaonywea kwa joto, ule wenye gundi ndani. Lehemu huugandisha waya, na penye mtikisiko hukatika pembeni mwa lehemu. Nyaya mbili za kihisi cha mzunguko wa injini zikiwa zimesokotwa, zisokotwe tena hadi karibu na soketi, kwa kuwa msokoto huo huzuia kelele za umeme wa jirani. Fungu lote lirudishwe ndani ya bomba la mikunjo na liachiwe ulegevu pale linapovuka kwenda kwenye fremu. Kisha lori lipandishwe mlima likiwa na mzigo, kwani gari tupu lililosimama gerejini halithibitishi chochote. Na mwenye gari aonywe kwamba siku fremu itakapochomelewa kwa umeme, betri zifunguliwe na soketi za kontrol boksi zichomolewe kabla fundi hajawasha mashine yake.