Bima ya Biashara Ndogo: Ni Ipi Ikufaayo?

Kila mkulima wa skimu ajua kwamba shamba peke yake halimtoshi mtu mwaka mzima. Ndiyo sababu wengi wenu mmeanza kazi ya pili. Mkulima wa Katilu ana duka dogo mjini Lodwar, au kinu cha kusaga mahindi. Mkulima wa Trans Nzoia hununua viazi na kabichi za jirani zake, akakodi lori, akazipeleka mpaka Kakuma. Mwingine ana pikipiki ya bodaboda, na mwingine ni fundi cherehani, fundi wa kuchomelea vyuma, au daktari wa mifugo anayejitegemea. Kazi hizi ni njema. Lakini mali iliyokusanywa kwa miaka kumi yaweza kupotea kwa usiku mmoja.

Somo la mwezi huu ni juu ya bima. Hatukusudii kukuambia ununue kwa kampuni hii au ile. Twataka ujue namna ya kuchagua. Bima isiyokufaa ni fedha iliyotupwa, tena ina hatari yake, kwa maana mwenye nayo hulala usingizi akidhani amelindwa, kumbe hakulindwa.

BIMA NI NINI?

Bima ni watu wengi kutoa kidogo kidogo, ili yule apatwaye na hasara kubwa asaidiwe. Jambo hili si geni kwetu. Mturkana aliyepotewa na mifugo yake huenda kwa ndugu na marafiki, akapewa mbuzi hapa na ngamia pale, akaanza tena. Chama cha akina mama nacho hufanya vivyo hivyo kwa fedha.

Basi bima yaongeza nini? Fikiri juu ya laga ya Tarach pale Kakuma, au Kawalase pale Lodwar. Mvua ikinyesha mbali, maji hushuka kwa saa chache, hata mahali ambapo halikuanguka tone. Yakifika sokoni huingia dukani mwako, na dukani mwa mweka hazina wa chama chenu pia. Siku hiyo nani atamchangia nani? Kampuni ya bima hukusanya fedha za watu wa Mombasa, Kericho na Kisumu pia, na si rahisi miji hiyo yote ipatwe siku moja.

Kanuni ya kwanza basi ndiyo hii: hasara ndogo ibebwe na akiba yako na chama chako, hasara kubwa, ile ambayo ingekufilisi, ndiyo ya kukatia bima.

ANZA NA ZILE ZA LAZIMA

Kati ya bima za biashara, kuna mbili ambazo sheria ya Kenya haikuachii hiari.

Ya kwanza ni ya gari na pikipiki. Kila chombo cha moto kiendacho barabarani lazima kiwe na bima ya mtu wa tatu, yaani bima ya kumlipa yule utakayemuumiza. Wenye bodaboda wengi hukosea hapa. Hudhani kwamba pikipiki ikiibwa watalipwa. Sivyo. Bima ya mtu wa tatu haimlipi mwenye pikipiki hata senti. Akitaka kulindwa dhidi ya wizi na ajali za chombo chake, hana budi kukata bima kamili, na bei yake ni kubwa zaidi.

Ya pili ni ya wafanyakazi. Sheria ya Mafao ya Majeraha Kazini ya mwaka 2007 yamtaka kila mwajiri awakatie bima watu aliowaajiri, hata akiwa na mmoja tu. Mfanyakazi akifa kwa ajali ya kazi, fidia yake kwa sheria hiyo ni mshahara wa miezi 96. Fanya hesabu: kijana wa kinu chako akipata shilingi 10,000 kwa mwezi, fidia ni shilingi 960,000. Akilemaa kwa sehemu, hulipwa kwa kadiri ya kilema chake. Je, ukiuza kinu na mbuzi wote utafikisha kiasi hicho? Kama sivyo, bima hii ikatwe kabla ya nyingine zote za hiari. Tena ajali ikitokea usiifiche. Sheria yamtaka mwajiri aitoe taarifa kwa ofisi ya serikali ya usalama kazini katika siku 7.

ANDIKA HATARI ZAKO

Sasa chukua karatasi. Upande mmoja andika mambo yanayoweza kukupata. Upande wa pili andika hasara yake kwa shilingi. Upande wa tatu andika kama waweza kuibeba mwenyewe. Yale usiyoweza kuyabeba ndiyo utakayompelekea wakala wa bima. Usimwache yeye akuchagulie kabla hujafanya kazi hii.

Mwenye duka ataandika moto na mafuriko. Ajue kwamba hati ya moto ya kawaida hulipa moto na radi, lakini mafuriko, dhoruba na ghasia mara nyingi huongezwa kwa malipo ya ziada. Kwa watu wa Lodwar na Kakuma kuacha mafuriko ni kosa kubwa. Kampuni pia itauliza jengo limejengwa kwa nini. Duka la mawe na mabati hukubaliwa upesi kuliko kibanda cha makuti.

Ataandika pia wizi. Hati nyingi za wizi hulipa tu kama mwizi alivunja, na alama ya kuvunja ionekane. Sukari ikipungua kidogo kidogo kwa mkono wa msaidizi wako, bima hiyo haihusiki.

Msafirishaji ataandika njia: Kitale, Kapenguria, Kainuk, Lokichar, Lodwar, kisha karibu kilomita 120 zaidi mpaka Kakuma. Asidhani kwamba bima ya mwenye lori yalipa kabichi zake. Mzigo huhitaji bima yake, yaani bima ya mali safarini. Na hata hiyo, aulize mambo mawili waziwazi: je, mzigo ukiporwa na majambazi watalipa? Je, kabichi zikioza kwa sababu laga imefunga njia watalipa? Kuoza kwa kuchelewa mara nyingi hakulipwi.

Fundi na daktari wa mifugo duka lao ni mwili wao. Akivunjika mkono, kazi imekwisha. Wa namna hii atazame kwanza bima ya ajali ya mtu binafsi, pamoja na mchango wa Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, iliyochukua mahali pa NHIF mwezi wa Oktoba 2024.

SEMA THAMANI YA KWELI

Hapa ndipo wengi huumia. Tutoe mfano. Watu wawili wana maduka Kakuma, kila moja lina mali ya shilingi 600,000. Wa kwanza, kwa kupenda malipo madogo, alimwambia wakala kwamba mali yake ni ya 300,000. Wa pili alisema kweli. Moto ukatokea, na kila mmoja akaunguliwa na mali ya shilingi 200,000.

Wa kwanza alifurahi. Alijisemea, "Nimekata ya 300,000, na hasara ni 200,000 tu, nitalipwa yote." Kampuni ilimlipa 100,000. Kwa nini? Kwa sababu alikatia bima nusu ya mali yake, na katika hati nyingi za moto anayekatia nusu hulipwa nusu ya kila hasara. Ile nusu nyingine huhesabiwa kuwa aliibeba mwenyewe. Wa pili alilipwa 200,000, kasoro kile kiasi kidogo ambacho kila hati humtaka mwenye mali akibebe katika kila hasara.

Wala kutaja kingi kupita kweli hakufai. Mwenye mali ya 600,000 akitaja milioni moja, atalipia milioni, na siku ya hasara atapewa kile tu alichopoteza. Bima haikuwekwa kumtajirisha mtu.

Kama duka ni la ubia, majina ya wabia wote yawe katika hati. Hili ni muhimu kwa Kakuma, kambi iliyoanza mwaka 1992, ambako mwenyeji na mkimbizi mara nyingi hufanya biashara pamoja. Shirika la IFC la Benki ya Dunia, katika taarifa yake ya mwaka 2018, lilieleza kwamba Kakuma palikuwa na biashara zaidi ya 2,000. Hayo si soko dogo, na hati yenye jina la mtu mmoja kwa mali ya wawili huleta ugomvi siku ya hasara.

SOMA YASIYOLIPWA

Kila hati ya bima ina sehemu mbili: yanayolipwa na yasiyolipwa. Watu husoma ya kwanza. Wewe anza na ya pili. Baada ya ghasia za uchaguzi za mwisho wa 2007 na mwanzo wa 2008, wafanyabiashara wengi wa Kenya walioshika hati za moto waliambiwa kwamba moto uliowashwa na ghasia za kisiasa haumo. Hati walikuwa nazo miaka yote, hawakuwa wameisoma. Kama hujui Kiingereza cha hati, mpe mwanao aliyesoma, au mwalimu wa karibu, akufasirie neno kwa neno kabla hujalipa.

KAMA BIASHARA YAKO NI MIFUGO

Mwaka 2015 serikali ilianzisha mpango wa bima ya mifugo, ikaanza na Turkana na Wajir, nayo ikawalipia wafugaji waliochaguliwa bima ya vipimo 5 vya mifugo. Kipimo kimoja ni ng'ombe mmoja, au mbuzi kumi. Baada yake ulikuja mpango wa DRIVE, ulioidhinishwa na Benki ya Dunia mwaka 2022.

Bima hii haihesabu mizoga. Setilaiti hutazama majani kutoka angani, na malisho yakipungua kupita kiasi kilichowekwa, wenye bima wote wa eneo lile hulipwa, ili wanunue chakula na dawa kabla mifugo haijafa. Faida yake ni wepesi. Udhaifu wake ni huu: mbuzi wako wakifa kwa maradhi au wakichukuliwa na wezi, wakati majani ya eneo ni mazuri, hulipwi kitu. Aikataye ajue hivyo tangu mwanzo.

JUA UNAMLIPA NANI

Kampuni za bima nazo huanguka. Kenya National Assurance, iliyoundwa mwaka 1964, iliwekwa chini ya mfilisi mwaka 1996. United Insurance iliwekwa chini ya msimamizi mwaka 2005, na Blue Shield mwaka 2011. Wenye hati waliachwa wakingoja. Kwa hiyo usitazame bei peke yake. Uliza Mamlaka ya Kudhibiti Bima, IRA, kama kampuni ina leseni ya mwaka huu, na kama wakala naye anayo. Waulize pia wafanyabiashara wa Lodwar ni kampuni gani iliyowahi kumlipa mtu wanayemjua, na ilichukua muda gani.

Fedha ilipwe kwenye akaunti ya kampuni, si mkononi mwa mtu. Kwa sheria ya Kenya bima haianzi mpaka malipo yapokewe. Ahadi ya wakala kwamba "umeshaingia" si kitu bila risiti. Waislamu wasiotaka bima ya kawaida wana takaful, ambayo imekuwako Kenya tangu 2011.

SIKU YA HASARA

Okoa kilichobaki, kisha piga simu kwa kampuni siku ile ile. Nenda polisi upate hati ya taarifa, ile iitwayo abstrakti. Piga picha kabla ya kusafisha. Usitupe vitu vilivyoharibika mpaka mkaguzi avione. Daftari la mali na risiti zako ndizo shahidi wako; lakini daftari lililoungua pamoja na duka halimsaidii mtu. Lipige picha kila mwezi kwa simu, umpelekee ndugu aliye mbali. Ukikataliwa bila sababu ya haki, andika malalamiko kwa Mamlaka.

MASWALI YA SOMO

Yajadilini katika kikundi chenu cha skimu.

1. Ni hasara gani moja ambayo ingefunga biashara yako kabisa?
2. Mtu ana mali ya shilingi 400,000, akaikatia bima ya 100,000. Moto ukaunguza mali ya 80,000. Atalipwa kiasi gani? (Jibu: 20,000, kabla ya kutoa kile anachobeba mwenyewe.)
3. Lori lililokodiwa limepinduka karibu na Kainuk na viazi vyote vimeharibika. Ni bima ipi itakayomlipa mwenye viazi?
4. Kijana wa kinu apata shilingi 8,000 kwa mwezi. Akifa kwa ajali ya kazi, fidia ya sheria ni kiasi gani? (Jibu: 768,000.)

Asiyeweza kujibu swali la kwanza asinunue bima bado, ila zile mbili za lazima. Na arudi kwenye karatasi yake.