Somo la Mashine: Njia ya Umeme ya Kurudi katika Land Rover ya Zamani

Mkulima wa Kimbo apelekaye maziwa alfajiri hulitegemea gari lake kama amtegemeavyo ng'ombe wake. Land Rover ikikataa kuwaka saa kumi na moja asubuhi, maziwa ya jana jioni hayangoji. Mwenye gari hununua betri mpya. Gari huwaka siku mbili tatu, kisha hukataa tena. Hununua stata, na shida ni ile ile. Kabla ya kutoa maelfu ya shilingi kwa namna hiyo, msomaji, yafaa uchunguze waya mmoja ambao wachache huutazama. Huo ni waya wa ardhi.

ARDHI YA GARI NI NINI?

Ardhi ya gari si udongo wa shamba. Ni chuma cha gari lenyewe: fremu, bodi na injini. Umeme hutoka betri kwa waya, hufika kwenye stata au taa, kisha hurudi betri kwa kupitia chuma hicho. Fikiri juu ya mikokoteni ya punda iendayo kuchota maji. Njia ya kurudi ikizibwa na matope, mikokoteni itajazana kisimani, na nyumbani hakutafika maji, ijapokuwa kisima kimejaa. Ndivyo ilivyo kwa umeme. Betri yaweza kuwa nzima kabisa, lakini njia ya kurudi ikiwa na kutu, kazi haifanyiki.

Tazama hesabu hii. Taa kubwa ya wati 60 hutumia ampea 5 tu, lakini stata yaweza kuvuta ampea 200. Tuseme kutu imeleta kizuizi kidogo cha omu 0.01. Kwa taa, zidisha 5 kwa 0.01: unapoteza volti 0.05, wala hutaona tofauti. Kwa stata, zidisha 200 kwa 0.01: unapoteza volti 2 nzima kati ya 12. Hii ndiyo sababu taa huwaka vizuri na stata hukataa. Usidanganywe na taa.

KWA NINI LAND ROVER?

Baadhi ya Land Rover za zamani zilizoko nchini ziliunganishwa hapa karibu, Thika, katika kiwanda cha Leyland Kenya kilichoundwa mwaka 1974, ambacho sasa huitwa Kenya Vehicle Manufacturers. Magari haya yana fremu ya chuma na bodi ya alumini. Ilianza hivyo mwaka 1948, kwa kuwa baada ya vita chuma kilikuwa adimu Uingereza. Alumini haishiki kutu nyekundu, lakini mahali inapogusana na chuma penye unyevu, huliwa na kugeuka unga mweupe. Unga huo haupitishi umeme. Taa nyingi hurudishia umeme wake hapo hapo.

Tena, injini imekaa juu ya mipira, na mpira haupitishi umeme. Kwa hiyo kuna utepe wa nyaya za shaba zilizosukwa unaounganisha injini au giaboksi na fremu. Mtikisiko wa barabara za murram hulegeza nati zake, na matope ya masika huulisha kutu.

DALILI ZA KASORO

1. Stata hulia "tik" au huzunguka polepole, hali betri imejaa.
2. Ukikanyaga breki, taa ya kuonyesha kona nayo hufifia au humeta.
3. Ukiwasha taa, mshale wa mafuta au wa joto huruka.
4. Waya wa choki hupata moto unapopiga stata.

Dalili ya nne ni ya hatari. Utepe ukikatika, umeme mwingi wa stata hutafuta njia nyingine, nao hupita kwenye waya mwembamba wa choki. Waya huo waweza kuwa mwekundu kwa moto, karibu na mabomba ya petroli. Ukiona hivyo, usipige stata tena mpaka umetengeneza.

JINSI YA KUPIMA

Tafuta mita ya volti na mtu wa kukusaidia. Weka gari huru, vuta breki ya mkono, na uzuie magurudumu kwa mawe. Ili injini isiwake, chomoa waya wa katikati wa koili. Kwa dizeli, vuta kizimio. Gusisha waya mweusi wa mita kwenye nguzo yenyewe ya hasi ya betri, si kwenye kibanio chake. Gusisha waya mwekundu kwenye chuma safi cha injini. Mwenzako apige stata kwa muda mfupi huku ukisoma mita. Isipozidi volti 0.5, njia ni njema. Ikizidi, pima tena, waya mwekundu ukiwa kwenye fremu, upate kujua kipande kipi kina kasoro.

JINSI YA KUTENGENEZA

1. Vua pete na saa. Usivute sigara, maana betri hutoa hewa inayolipuka.
2. Fungua kwanza waya wa ardhi, na urudishe mwisho. Ukianza na ule mwingine, spana ikigusa bodi italeta cheche kubwa.
3. Osha nguzo za betri kwa maji vuguvugu yenye vijiko viwili vya magadi. Vifuniko viwe vimefungwa, maji yasiingie ndani.
4. Fungua waya unaotoka betri hadi fremu, na utepe wa injini. Kwangua rangi na kutu kwa msasa mpaka chuma king'ae, pande zote mbili.
5. Utepe ukiwa na nyuzi zilizokatika au zenye ukijani, weka mpya. Unene wake usipungue ule wa waya uendao kwenye stata.
6. Tumia wacha yenye meno, kaza nati sawasawa, kisha pakaa grisi juu ili maji yasiingie.
7. Kwa taa, usiitegemee alumini. Vuta waya kutoka kila taa hadi mahali pamoja safi kwenye fremu.

Kisha pima tena kama mwanzo. Kazi isiyopimwa haijakwisha.

ANGALIZO

Land Rover za kabla ya mwaka 1967 hivi, kama magari mengi ya Uingereza ya wakati huo, zilifungwa chanya kwenye bodi, si hasi. Hata MGB, gari dogo la michezo, lilikuwa hivyo mpaka mwaka 1967. Mengine yamegeuzwa na mafundi baadaye. Basi tazama kwanza ni nguzo ipi imefungwa kwenye fremu, nawe pimia kwenye nguzo hiyo. Ukiifunga betri kinyume, waweza kuunguza altaneta.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Kwa nini taa huweza kuwaka vizuri na stata ikakataa?
2. Ni waya upi ufunguliwao kwanza, na kwa nini?
3. Mita imeonyesha volti 1.4 kwenye injini, na 0.1 kwenye fremu. Kasoro iko wapi?

Jibu la tatu: waya wa betri hadi fremu ni mzima, na kasoro iko kati ya fremu na injini. Safisha au badili utepe. Betri iache ilivyo.