Somo kwa Madereva: Kutumia Petroli kwa Hesabu

Dereva wa Likoni, Kisauni au Changamwe ajua vema kuwa petroli ni ghali. Kila tarehe 14 ya mwezi bei hutangazwa, naye hana uwezo wa kuibadili. Kiwanda cha kusafisha mafuta cha Changamwe, kilichoanza kazi mwaka 1963, kiliacha kusafisha mwaka 2013, na tangu hapo petroli hutoka ng'ambo ikiwa imekwisha safishwa. Lakini liko jambo moja lililo katika uwezo wa dereva mwenyewe, nalo ni mguu wake wa kulia.

Kwanza, yapasa kufahamu kuwa mwendo wa gari hununuliwa kwa petroli. Kila dereva akanyagapo breki, mwendo aliokwisha kuulipia hugeuka kuwa joto na kupotea. Basi yule anayekwenda mbio katika barabara ya Kisauni, kisha akasimama ghafula nyuma ya tuktuk, amepata hasara mara mbili: ya petroli na ya breki. Yafaa kutazama mbali, kuondoa mguu mapema, na kuliacha gari lipunguze mwendo lenyewe likiwa katika gia.

Pili, wako wanaoteremka kutoka Changamwe kwenda Kibarani wakiwa wametia nyutro, au hata wamezima injini, wakidhani wanaweka akiba. Hiyo ni hatari kubwa. Breki zikifanya kazi peke yake hupata moto na kupungua nguvu. Na injini ikizimwa, usukani na breki huwa vizito. Tena faida yenyewe haipo. Katika magari ya siku hizi yasiyo na kabureta, ukiondoa mguu gari likiwa katika gia, injini hukatiwa petroli. Bali likiwa katika nyutro, injini huendelea kuinywa ili isizimike.

Tatu ni kungoja. Katika foleni ya kivuko cha Likoni magari mengi hunguruma bure. Injini ya gari dogo lililosimama yaweza kutumia nusu lita hata lita 1 kwa saa. Ukiona utangoja zaidi ya dakika moja, zima injini. Lakini kabla ya kuizima, vuta breki ya mkono, na uiache imevutwa muda wote uwapo ndani ya kivuko. Hatujasahau tarehe 29 Septemba 2019, gari lilipoteleza kutoka kivukoni hapo Likoni likaangukia baharini, mama na binti yake wakafa maji. Akiba ya petroli isitafutwe kwa kuhatarisha roho.

Nne, upepo hulizuia gari kadiri liendavyo mbio. Katika barabara ya Likoni kwenda Ukunda, anayekwenda kilomita 100 kwa saa hushindana na upepo wenye nguvu kupita mara moja na nusu kuliko wa anayekwenda 80. Mzigo juu ya paa huzidisha taabu hiyo. Magurudumu yaliyopungua hewa nayo hulifanya gari kuwa zito. Yapimwe asubuhi, kabla hayajapata joto.

Mwisho, usikisie, bali pima. Jaza tangi, andika kilomita zilizoonyeshwa, tumia gari kama desturi, kisha ujaze tena. Gawanya kilomita ulizokwenda kwa lita ulizotia. Tuseme ni kilomita 330 kwa lita 33, yaani kilomita 10 kwa kila lita. Ukishika mafundisho haya ukapata kilomita 11, safari ile ile itataka lita 30 tu. Lita 3 zimebaki, na thamani yake ni unga wa watoto nyumbani.

Wahenga walisema, bandu bandu huisha gogo. Ndivyo petroli imalizikavyo, na ndivyo fedha ya dereva imtokavyo bila yeye kujua. Asiyesadiki na ajaribu kwa mwezi mmoja, kalamu mkononi.