MTOTO MDOGO SAFARINI MOMBASA
Nasaha za afya kwa kaya za Kwaluguru na wilaya za Handeni na Korogwe

1. Sababu ya kuandikwa kijitabu hiki

Kila inapofika Idi, au likizo ya shule, au arusi ya jamaa aliyeko ng'ambo ya mpaka, kaya nyingi za kwetu hufunga mizigo kwenda Mombasa kwa siku tatu au nne, na mgongoni mwa mama, ndani ya mbeleko, huwamo mtoto wa mwaka mmoja, wa miwili au wa mitatu, asiyeweza kueleza kiu yake wala kukikataa chakula kilichoharibika. Kuzuru jamaa ni jambo la heri, nasi hatuandiki ili kumzuia mtu safari yake. Twaandika kwa kuwa, baada ya safari hizo, zahanati hupokea watoto wanaoharisha na kutapika, macho yamezama na midomo imekauka, na aghalabu mama akiulizwa mtoto alikula nini njiani, jibu huwa ni moja: uji aliotoka nao nyumbani.

Maradhi haya yanazuilika, na kuyazuia hakuhitaji fedha. Kwa hiyo soma kijitabu hiki chote. Na kama huna nafasi ya kukisoma chote, basi sehemu ya pili isikupite.

2. Neno kuu

MTOTO ASIPEWE ADHUHURI UJI ULIOPIKWA ALFAJIRI.

Msafiri wa Handeni huamka usiku wa manane, akainjika uji, akaumimina katika chupa ya kunyonyea au chupa ya chai, akaitia kapuni na kuifunika kanga, kisha akashika njia ya Segera kungoja basi litokalo Dar es Salaam. Basi likija hupita Hale, Muheza na Tanga, likafika Horohoro mpakani baada ya saa nyingi, na hata hapo safari haijesha, kwani mbele kuna foleni za mpakani, kuna Lunga Lunga, kuna Ukunda, ndipo aione Likoni. Muda wote huo uji umo kapuni, si wa moto tena wala si wa baridi, na jua la kaskazi linaupiga. Naye mtoto akilia, hupewa huo huo.

Wengi hutegemea pua na ulimi, wakisema kwamba uji haujachacha, kwa hiyo haudhuru. Hilo ni kosa. Uji, maziwa na chakula chochote kilichopikwa huanza kumdhuru mtoto kabla ya harufu yake kubadilika na kabla ya ladha yake kugeuka, na ndiyo sababu hatukwambii unuse, bali twakwambia uhesabu muda: chakula cha mtoto kikishakaa muda wa saa mbili tangu kilipotoka motoni, kimwage. Kama jua ni kali sana, usingoje hata saa hizo mbili.

Wengine hutegemea chupa ya chai. Chupa hiyo haiuhifadhi uji, bali huupoza polepole, na uji unaopoa polepole ndio unaoharibika. Chupa ya chai uitumie kwa maji yaliyochemshwa, si kwa uji wala maziwa.

Wengine hutegemea chupa ya kunyonyea yenye chuchu ya mpira, ambayo haisafishiki njiani kwa namna yoyote, kwa kuwa mabaki hujificha chini ya chuchu na katika mikunjo yake. Iache nyumbani. Mtoto wa mwaka mmoja anaweza kunywa kwa kikombe na kulishwa kwa kijiko, na hivyo viwili huoshwa kwa maji safi na sabuni popote mlipo.

Twarudia, nawe umrudilie mwenzio: mtoto asipewe adhuhuri uji uliopikwa alfajiri.

3. Basi ale nini?

Kwanza, maziwa ya mama, ambayo hayachachi, hayahitaji moto wala chombo, na ambayo mtoto anastahili kupewa hadi atimize miaka miwili na kuendelea. Mama anyonyeshe basini bila kuona haya, akijisitiri kwa kanga yake.

Pili, kabla ya kuondoka, mtoto ale ashibe uji ule wa alfajiri ukiwa bado wa moto kiasi cha kulika, na utakaobaki usibebwe.

Tatu, njiani apewe vitu ambavyo Mungu amevifunga kwa maganda yake, navyo ni ndizi mbivu, chungwa na parachichi, ambavyo mama mwenyewe atavimenya kwa mikono iliyooshwa, wakati ule ule wa kula. Mkate mkavu na biskuti iliyofungwa hufaa pia. Maziwa ya pakiti yasiyohitaji barafu hufaa kama pakiti ni ndogo, ikafunguliwa na kumalizwa papo hapo. Yanayosalia ayanywe mtu mzima au yamwagwe.

Nne, apewe maji yaliyochemshwa, tena mara kwa mara, kidogo kidogo.

4. Karatasi na chanjo

Mtoto, hata awe mdogo namna gani, huvuka mpaka kwa hati yake mwenyewe, ama pasipoti ama hati ya dharura ya safari, ambazo huombwa Uhamiaji kwa kuonyesha cheti cha kuzaliwa. Basi usingoje wiki ya safari ndipo ukafuate cheti. Ikiwa ni mzazi mmoja tu anayesafiri naye, ni busara kuchukua barua ya idhini ya mzazi wa pili.

Kadi ya kliniki iende pamoja na mtoto. Itazame kabla ya safari: chanjo ya surua na rubela hutolewa akiwa na miezi 9, na mara ya pili akiwa na miezi 18, na asiyeipata asipelekwe penye msongamano wa watu kabla ya kuipata.

Chanjo ya homa ya manjano si miongoni mwa zile ambazo mtoto huchomwa kliniki kwa kawaida, na kadi yake yaweza kuulizwa mpakani. Cheti chake huanza kukubalika siku 10 baada ya kuchomwa. Kwa hiyo ulizeni mapema katika hospitali ya wilaya, msiende kuuliza Horohoro na mtoto yuko mgongoni.

5. Ndani ya basi

Usimpe mtoto dawa ya mafua, ya kikohozi wala ya mzio ili alale usingizi njiani. Zipo kaya zinazofanya hivyo, zikidhani ni huruma kwa mtoto na kwa abiria. Lakini dawa ile yaweza kumlaza usingizi asioamka kunyonya wala kunywa maji, na ikizidi yaweza kumkata pumzi. Dawa ni tiba ya ugonjwa, na mtoto anayelia basini si mgonjwa.

Usimnyime maji ili asikojoe. Chukua nepi za kutosha, au vitambaa, na mfuko wa kutilia vilivyochafuka.

Usimnunulie dirishani maji ya rangi, barafu za mifuko, matunda yaliyokwisha kukatwa, wala mishikaki iliyopoa.

Usimpe karanga wala korosho nzima, ingawa zauzwa kila kituo. Mtoto wa umri huu hukabwa nazo, na basi likiwa katika mwendo hakuna wa kumsaidia.

Usimlishe kabla ya kunawa. Kipande cha sabuni kiwe kapuni, na maji ya kunawia yawe katika chombo chake. Kushika vyuma vya basi, kushika fedha, kumbadilisha mtoto nepi, kisha kumtilia ndizi mdomoni kwa mkono ule ule, ni kumlisha uchafu.

Usitupe kinyesi cha mtoto vichakani wala kando ya njia kwa kudhani kwamba cha mtoto hakina dhara. Kina dhara sawa na cha mtu mzima, na mahali pake ni chooni.

Na kama umesahau, ukabeba uji: umwage. Mtoto asipewe adhuhuri uji uliopikwa alfajiri.

6. Kivuko cha Likoni

Mtoto abebwe au ashikwe mkono tangu kupanda hadi kushuka.

7. Nyumbani kwa wenyeji

Mombasa ni mji wenye shida ya maji ya siku nyingi, na mitaa kadhaa hutumia maji ya visima, au yanayouzwa kwa madumu juu ya mikokoteni, ambayo huonekana meupe na hali hujui yalikotekwa wala dumu lilivyosafishwa. Sisi tuliozoea kuteka malambo twayajua maji machafu kwa rangi yake, na kwa sababu hiyo hudanganyika upesi tukiona maji meupe mjini. Ya kunywa mtoto yachemshwe yatokote, yapoe katika chombo chenye mfuniko, na yatekwe kwa kata yenye mkono mrefu, si kwa kikombe kilichoshikwa na kila mtu.

Kiporo si chakula cha mtoto. Vyakula vya pwani ni vitamu, na vingi huungwa kwa tui la nazi, ambalo huchacha upesi mno; mbaazi za nazi zilizopikwa jana jioni, zikaliwa na mahamri asubuhi, mtu mzima aweza kuzistahimili, lakini mtoto hana ustahimilivu huo. Apewe chakula kilichotoka jikoni sasa hivi, kingali na moto wake.

Twajua kwamba bibi au shangazi huona fahari kumlisha mgeni wake kwa mkono wake, na kumkatalia ni jambo zito. Mwambie kwa adabu: "Shangazi, zahanati wametuagiza mtoto ale kinachotoka motoni tu, tafadhali tumpikie kidogo." Hatakasirika, maana naye ampenda.

8. Chandarua

Chukueni chandarua chenu chenye dawa, na mtoto alale ndani yake kila usiku, kwani hata mjini mbu wapo.

9. Mtoto akiharisha

Usimwachishe kunyonya. Usimnyime chakula. Usimnyime maji kwa kudhani kwamba tumbo litakauka; kinachomuua mtoto anayeharisha ni kukaukiwa maji.

Pakiti mbili za ORS ziwe kapuni tangu nyumbani, pamoja na vidonge vya zinki, ambavyo mhudumu wa zahanati atakueleza namna ya kuvitumia. Pakiti moja huchanganywa na lita moja kamili ya maji yaliyochemshwa na kupoa. Usipunguze maji, wala usiongeze sukari. Kila anapoharisha, aliye chini ya miaka miwili apewe robo hadi nusu kikombe kikubwa, na aliyezidi hapo nusu hadi kikombe kizima. Akitapika, ngoja dakika 10, kisha uendelee polepole, kijiko baada ya kijiko. Yatakayosalia baada ya saa 24 yamwagwe.

10. Usingoje kurudi nyumbani

Mpeleke hospitali iliyo karibu mara uonapo moja katika haya: kinyesi chenye damu, kutapika kila kitu, kushindwa kunyonya au kunywa, macho kuzama, ngozi ya tumbo kurudi polepole ukiifinya, kulegea au kulala kusikokwisha, degedege, kupumua kwa shida, homa.

Njiani zipo Magunga kwa aliyeko Korogwe, Teule kwa aliyefika Muheza, na Bombo kwa aliyefika Tanga. Ng'ambo ya mpaka ipo Hospitali ya Msambweni, na Mombasa kwenyewe ipo Hospitali Kuu ya Pwani, pale Makadara. Kuikosa arusi si hasara; kumkosa mtoto ndiyo hasara.

11. Mkisharudi

Homa yoyote katika wiki zinazofuata ipimwe malaria siku ile ile, na mhudumu aambiwe kwamba mtoto alisafiri.

12. Wasia kwa anayesoma

Anayekishika kijitabu hiki aghalabu si yeye anayekishika kijiko cha mtoto. Basi kisomwe kwa sauti mbele ya bibi, shangazi, dada na yaya, na kila mmoja wao alirudie neno kuu kwa kinywa chake kabla ya mizigo kufungwa. Na asubuhi ya safari, kabla ya kutoka mlangoni, mtu mzima mmoja alikague kapu: sabuni imo, kikombe na kijiko vimo, maji yaliyochemshwa yamo, ORS imo, chandarua kimo, kadi ya kliniki imo, na uji haumo.