SOMO LA MWEZI: Asihukumiwe Kabla ya Kusikilizwa

Soma kwanza: Yohana 7:50-51, Matendo 22:25-29, Luka 18:1-8



Tangu posho ya chakula ilipoanza kupunguzwa, jamaa zetu wengi wametoka hapa makazini kwenda Kampala kutafuta riziki. Wengi huangukia soko la Owino, wakibeba mizigo na kuuza mitumba ya watu. Kijana mmoja wa kwaya yetu alifanya kazi huko miezi saba kwa tajiri mmoja wa mitumba. Siku moja hesabu ya pesa haikutimia. Akaambiwa kwamba wakimbizi ni wezi, arudi kwao. Hakuulizwa neno, na mshahara wake wa miezi miwili ukabaki kwa tajiri. Muhula huohuo mdogo wake wa kike, waliyeishi naye mjini, alirudishwa nyumbani na shule, akiambiwa nafasi ni za wenyeji.

Kwa aibu, kijana yule alinyamaza miezi miwili. Alipotufikia tuliomba pamoja naye, kisha tukajiuliza: Je, mkimbizi ana pa kusemea?

1. Mfano wa Owino yenyewe

Jina rasmi la soko hilo ni la Mtakatifu Balikuddembe. Joseph Mukasa Balikuddembe alikuwa mtumishi mkubwa katika ikulu ya Kabaka Mwanga. Mwezi wa Oktoba 1885, Askofu James Hannington aliuawa Busoga kwa amri ya Kabaka. Balikuddembe alithubutu kumwambia Kabaka kwamba si haki kumuua mgeni bila kumsikiliza. Yeye mwenyewe aliuawa tarehe 15 Novemba 1885, pale Nakivubo, karibu na soko. Ndugu, kila tunapotaja jina la soko hilo tunamtaja mtu aliyekufa kwa sababu alitaka mgeni asikilizwe.

2. Neno la Mungu

Nikodemo aliwauliza wakubwa wenzake kama torati yao humhukumu mtu kabla ya kumsikia. Paulo, alipofungwa ili apigwe mijeledi, alimwuliza akida kama ni halali kumpiga Mrumi asiyehukumiwa. Hakutukana wala hakupigana. Alitaja haki yake, na kamba zikafunguliwa. Yule mjane naye hakuchoka kurudi kwa kadhi. Basi kudai haki kwa njia ya sheria si ukosefu wa imani.

3. Sheria ya kazi

Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inampa mkimbizi haki ya kutobaguliwa, ya kutafuta kazi, na ya kufika mahakamani. Sheria ya Ajira ya mwaka huohuo inakataza kumbagua mfanyakazi kwa sababu ya rangi, jinsia, dini, ulemavu au nchi ya asili yake.

Sheria hiyo inasema pia kwamba, kabla ya kumfukuza mtu kwa kosa au kwa kazi mbaya, tajiri lazima amweleze sababu kwa lugha anayoielewa. Lazima amsikilize, na mfanyakazi ana ruhusa ya kuja na mtu mmoja anayemchagua. Tajiri asipofanya hivyo, anaweza kudaiwa malipo ya wiki nne. Mapatano ya mdomo nayo ni mapatano.

Lakini angalieni siku. Aliyefanya kazi wiki 13 mfululizo na akafukuzwa isivyo haki hupeleka malalamiko kwa afisa kazi ndani ya miezi 3. Kijana wetu alikuwa amebakiwa na mwezi mmoja tu!

4. Shule

Katika elimu ya msingi, sheria inataka mtoto mkimbizi atendewe sawa na mtoto mwenyeji. Uganda iliingia katika Mkataba wa Wakimbizi wa 1951 mwaka 1976, na mkataba huo unasema vivyo hivyo. Mtoto akifukuzwa, mzazi aende kwa upole kwa mwalimu mkuu, aombe sababu kwa maandishi. Asiposikilizwa, aende kwa kamati ya shule, kisha kwa afisa elimu: Kampala ni KCCA, kwetu ni wilayani. Mtoto asikae nyumbani muhula mzima wakati wazazi wananong'ona.

5. Wapi pa kupata msaada

- Afisa kazi. Kampala yuko KCCA, na huku makazini yuko wilayani.
- Refugee Law Project, iliyoanzishwa mwaka 1999 chini ya shule ya sheria ya Chuo Kikuu cha Makerere, kwa ajili ya wakimbizi.
- FIDA Uganda, chama cha wanasheria wanawake kilichoanza mwaka 1974, hasa kwa wanawake na watoto.
- Tume ya Haki za Binadamu ya Uganda, inayopokea malalamiko ya ubaguzi.

Kwa kuwa misaada imepungua, ulizeni kwanza kama ofisi iko wazi kabla ya kulipa nauli. Chukueni kitambulisho cha ukimbizi, tarehe za kuanza na kuachishwa kazi, ujumbe wa pesa kwenye simu, barua za shule, na majina ya mashahidi. Msimpe mtu wa kati pesa ili "asukume" kesi. Wala msiongeze uongo, kwa maana uongo mmoja huharibu haki kumi.

Kijana wetu alifika kwa afisa kazi akiwa na ujumbe wa simu na shahidi mmoja. Tajiri aliitwa, akalipa mshahara kwa mafungu. Kazi hakurudishiwa. Dada yake alipokelewa tena shuleni baada ya mjomba wao kwenda kwa afisa elimu. Hatukupata yote, lakini walisikilizwa.

Maswali ya kujadili nyumbani

1. Kwa nini Paulo alitaja haki yake, na aliitajaje?
2. Je, sisi wenyewe huwahukumu wenzetu wa kabila lingine bila kuwasikiliza?
3. Nani katika jumuiya yetu anaweza kumsindikiza asiyejua Kiingereza wala Kiganda?

Tuombe: Bwana, uwape ujasiri walionyamazishwa, na utupe masikio ya kuwasikia. Amina.