Uchunguzi wa ardhi bila utekelezaji: Somo kutoka Meru

Kwa miezi kadhaa nilikuwa nikipanda daladala kutoka Usa River kwenda mjini Arusha kufuatilia faili la kiwanja. Kila nikifika naambiwa: “Faili halionekani, njoo wiki ijayo.” Siku moja nikasema afadhali iundwe tume. Mzee wa Kimeru niliyekaa naye kwenye benchi akacheka: “Mwanangu, sisi tulishaundiwa tume na Mwingereza.”

Alisema kweli. Tume ya Ardhi ya Arusha na Moshi, chini ya Jaji Mark Wilson, ilitoa taarifa miaka ya 1940 ikipendekeza mipaka ipangwe upya ili mashamba ya walowezi yaungane. Novemba 1951 Wameru wapatao 3,000 wakaondolewa kwa nguvu Engare Nanyuki, nyumba zikachomwa. Mwaka 1952 Kirilo Japhet alipeleka malalamiko Umoja wa Mataifa, New York. Alisikilizwa, lakini ardhi haikurudi wakati ule.

Hapa pana mafunzo matatu. Kwanza, uchunguzi si haki. Tume yaweza kuwa ngao ya mnyonge au panga la mwenye nguvu. Tuulize: nani amechunguza, nani amesikilizwa?

Pili, tuulize nani atalazimika kutekeleza. Wakazi wa Nyamuma, wilayani Serengeti, waliohamishwa mwaka 2001, walishinda mbele ya Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora. Serikali ikayakataa mapendekezo. Ndipo Mahakama ya Rufani ikasema mapendekezo hayo yaweza kukaziwa mahakamani. Kumbe ushindi wa kwanza haukuwa mwisho wa safari.

Tatu, tutunze ushahidi. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inakataza halmashauri ya kijiji kugawa ardhi kabla ya mkutano mkuu wa kijiji kuridhia. Basi tuhudhurie mikutano, tudai mihtasari, tutunze stakabadhi. TAKUKURU au mkaguzi akija atauliza karatasi, si manung’uniko.

Sheria yetu inasema ardhi yote ni ya umma, na Rais ni mdhamini wake. Kwa hiyo ofisa wa ardhi ameshika amana ya watu. Aliyepewa amana huulizwa. Na sisi tusipouliza, tumeshiriki katika dhuluma.