SOMO LA KIKUNDI: JUA LINAPOKULA PLASTIKI YA GARI LETU



Kununua gari ama pikipiki ya kikundi ni kazi. Mmechanga kidogo kidogo, mmelipa mkopo, mkafika. Lakini kutunza mali ya pamoja ni kazi kubwa zaidi, na mara nyingi ndipo ugomvi unapoanzia. Mwezi huu tuangalie jambo linaloonekana dogo: plastiki nyeusi za gari kupauka kwa jua.

IGIZO (dakika tano, watu wanne)

Kikundi kinauza gari lake dogo ili kinunue lingine.

MNUNUZI: (akigusa bampa) Gari hili limezeeka. Bampa ni nyeupe kama majivu. Napunguza elfu thelathini.

MWEKA HAZINA: Mwenyekiti, umesikia? Si nilisema huyu kijana haoshi gari?

DEREVA: Mama, naosha kila jioni. Hata juzi nilipaka oili ya injini, ikang'aa kabisa.

MWENYEKITI: Iling'aa siku ngapi, mwanangu?

DEREVA: Mpaka mvua iliponyesha, mzee.

MWEKA HAZINA: Na kitenge changu kilichoshika hiyo oili, nani atakilipa?

MASWALI YA KUJADILI

1. Mmeona nini katika igizo hili?
2. Je, jambo kama hili hutokea kwetu?
3. Ni nani wa kulaumiwa? Kwa nini?

Zungumzeni wawili wawili kwanza, halafu wote pamoja. Mkimaliza, someni maelezo haya.

CHANZO NI NINI?

Bampa nyeusi isiyopakwa rangi, kama ya Probox nyingi, imetengenezwa kwa plastiki inayoitwa polipropilini. Ukichungulia upande wa nyuma, mara nyingi utaona herufi PP. Plastiki ni kama mkeka: imesukwa kwa nyuzi ndefu sana ambazo jicho haliwezi kuziona. Jua lina miale isiyoonekana, inayoitwa UV. Miale hiyo ikisaidiwa na joto na hewa, hukata nyuzi za juu. Ngozi ya plastiki inapasuka vipasuko vidogo sana, inakuwa kama vumbi, na jicho linaona weupe.

Kiwandani huchanganya masizi meusi na dawa nyingine ili kuzuia miale. Lakini kinga hiyo huisha polepole. Sisi wa Mayoni tuko karibu sana na ikweta. Jua letu ni kali mwaka mzima, na mwezi wa Machi na wa Septemba linapita juu ya utosi. Hata siku ya mawingu, sehemu ya miale hupita. Tena magari yetu mengi yameshatumika ng'ambo kabla ya kufika hapa.

Jipimeni wenyewe. Osheni bampa vizuri. Ikiwa ni nyeusi ikiwa na maji, na inarudi kuwa kijivu ikikauka, basi si uchafu. Ni ngozi iliyoumia. Maji yanajaza vile vipasuko na kuficha weupe. Oili nayo inafanya hivyo hivyo: inaficha, haiponyi.

OILI CHAFU ACHENI

Oili iliyotoka kwenye injini ina sumu. Ikigusa ngozi mara kwa mara inaweza kuleta saratani. Inashika vumbi, inachafua nguo za abiria, na mvua ikinyesha inateremka mpaka kwenye kijito tunachochota maji. Mafuta ya taa pia si dawa ya plastiki, tena yanashika moto haraka.

Wengine hupitisha moto juu ya bampa ili weusi urudi. Unarudi kweli, lakini ile kinga iliyoisha hairudi, na plastiki inaweza kuyeyuka. Moto karibu na tangi la petroli ni hatari kwa watu wote.

TUFANYE NINI?

1. Oshea kivulini, plastiki ikiwa imepoa. Tumia maji, sabuni na brashi laini. Suuza, halafu acha ikauke kabisa.

2. Nunueni dawa ya plastiki ya magari iliyoandikwa kwamba inakinga miale ya UV. Ile ya majimaji isiyo ya mafuta ni nzuri zaidi, haishiki vumbi sana. Jaribu kwanza mahali pa kujificha.

3. Paka kidogo kwa kitambaa, sugua, halafu futa inayobaki. Rudia kila inapoanza kupauka. Hakuna dawa ya milele.

4. Usipake kamwe kwenye usukani, pedali, breki, sehemu ya tairi inayogusa barabara, wala kiti na mahali pa kukanyagia pikipiki. Panateleza, na mtu anaweza kuumia.

5. Ikiwa imeharibika sana, fundi aipake rangi. Mwulizeni kwanza kama ana rangi ya chini ya kushikia plastiki. Bila hiyo, rangi itabanduka.

6. Kivuli ndiyo dawa ya kwanza. Jengeni kibanda cha nguzo na mabati, ama tumieni turubai. Mkiegesha chini ya mti, osheni mapema utomvu na mavi ya ndege.

Mambo haya yanafaa hata nyumbani. Mtungi wa plastiki unaoachwa juani siku zote hukauka na kupasuka. Uwekeni ndani.

TURUDI KWENYE IGIZO

Yule kijana hakuwa mvivu. Gari lilishinda juani stejini kila siku, na kikundi hakikuwahi kumpa kivuli, dawa wala mafunzo. Alitumia alichokuwa nacho. Tukimlaumu yeye peke yake, tutapoteza dereva mwema, na gari linalofuata litapauka vile vile.

KAZI YA MWEZI HUU

Ulizeni dukani bei ya chupa moja ya dawa. Ilinganisheni na pesa ambazo mnunuzi alitaka kupunguza. Halafu andikeni katika kitabu cha kikundi: nani ataosha, nani atanunua dawa, na kivuli kitajengwa lini. Usipoziba ufa utajenga ukuta.